Somo la tano: Mutoto anayeacha ziwa na ugonjwa wa bwaki

Leo tutajifunza juu ya ugonjwa unaoshika sana watoto wakiisha kuacha ziwa. Hapa Kivu watu wengi wanauita bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor. Jina hili lilitoka Ghana, katika luga ya Ga. Daktari mwanamuke, Cicely Williams, aliliandika mwaka 1935. Wamama wa kule walimwambia kwamba ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa nafasi yake wakati mudogo wake anapozaliwa. Wamama wale walikuwa wameona vizuri.

Ugonjwa unaanza namna gani?

Mutoto ananyonya, ananenepa, anacheza. Halafu mama anapata mimba, anamwachisha ziwa mara moja. Tangu siku ile mutoto anakula bugali ya muhogo na mchuzi kidogo, katika sahani moja na wakubwa wake. Wao wana mikono ya mbio, yeye hapana. Tumbo lake linajaa, lakini mwili haujengwi. Ni sawa na mutu anayejenga nyumba ya udongo bila miti. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukuta unaanguka. Mvua ile ni kuhara, surua ao malaria.

Alama za bwaki

1. Miguu inavimba. Finya kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu polepole mpaka tatu, kisha ondoa. Kama shimo linabaki katika miguu yote miwili, ni alama ya hatari.
2. Nywele zinageuka rangi na kungooka bure.
3. Ngozi inabambuka.
4. Mutoto anahuzunika, hataki kucheza, hataki kula.

Mama, usidanganyike na mashavu makubwa. Jirani atasema, «Mutoto wako amenenepa!» Ile si mafuta, ni maji. Wengine watasema ni ulozi, na siku zitapita katika kutafuta mulozi. Mutoto aliyevimba, umulete hospitali siku ileile. Usimlazimishe kula nyama nyingi nyumbani ili apone upesi. Mwili wake hauwezi kubeba chakula kingi mara moja. Hospitalini tunaanza na maziwa ya dawa, kidogo kidogo, muchana na usiku.

Kila siku ya kupima kilo, mwuguzi anapima vilevile mukono wa mutoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Chini ya sentimetre 11,5 ni nyekundu: anahitaji matunzo sasa. Kutoka 11,5 na kabla ya 12,5 ni manjano: angalia sana. Kuanzia 12,5 ni kijani: vizuri. Lakini mutoto mwenye miguu ya kuvimba ni mugonjwa, hata kama mukono wake ni kijani.

Tumlishe namna gani?

Mpaka miezi 6, ziwa la mama tu, hata maji hapana. Kisha miezi 6, anza chakula, lakini endelea kunyonyesha mpaka miaka 2 ao zaidi. Mimba haiharibu maziwa. Kama umepata mimba, usimkate mutoto ziwa kwa siku moja. Kuja kwanza tuzungumze.

Kila siku changanya vyakula vya namna tatu:
– vya kutia nguvu: muhogo, mahindi, viazi, ndizi, mafuta ya mawese;
– vya kujenga mwili: maharagi, soja, karanga, sambaza, mayai, maziwa, nyama;
– vya kulinda mwili: sombe, lengalenga, maboga, papai, maembe.

Uji wa masosoma: twaa bilauri 2 za mahindi, 1 ya mtama, 1 ya soja. Kaanga soja vizuri kwanza, maana soja mbichi inasumbua tumbo. Saga vyote pamoja. Pika uji mzito, usiwe kama maji. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese ao cha karanga za kusagwa.

Mutoto wa miezi 6 mpaka 8 ale mara 2 ao 3 kwa siku. Kisha pale, mara 3 ao 4, na kitu kidogo katikati, kama ndizi. Mumpe sahani yake peke yake, na mutu wa kukaa karibu naye.

Kama kuku wako anataga, usiuzishe mayai yote sokoni ili kununua biskwiti. Yai moja linajenga mutoto kupita biskwiti nyingi. Bwana wa nyumba asikie neno hili vilevile. Na ninyi wawili mumuulize mwuguzi juu ya kupanga uzazi, ili kila mutoto apate wakati wake wa kunyonya.

Maulizo

1. Sababu gani mashavu makubwa si alama ya afya kila mara?
2. Utajua namna gani kama miguu imevimba?
3. Chakula gani cha kujenga mwili kinapatikana katika shamba lako?
4. Jana jioni, mutoto wako alikula nini, na katika sahani ya nani?