Kuitunza Okidi-Nondo Nyumbani

Wasomaji wetu, darasani tumejifunza kwamba mmea hunyonya maji na chakula kwa mizizi iliyo udongoni. Leo nataka kuwaeleza habari za mmea ambao mizizi yake ikizikwa udongoni huoza, nao ni okidi-nondo. Mwaka 1825 bingwa wa mimea Carl Blume aliupa jina la Phalaenopsis, yaani kwa Kiyunani "ulio kama nondo," maana maua yake yafanana na nondo aliyekunjua mabawa.

Asili yake ni misitu ya joto na mvua ya Asia, kama vile ya Ufilipino na Indonesia. Huko hujishika juu ya magome ya miti. Wala si kimelea, maana haunyonyi utomvu wa mti. Hupata maji ya mvua, na chakula katika majani yaliyooza. Mizizi yake ina ngozi nyeupe kama sponji, ifyonzayo maji upesi kisha ikakaushwa na upepo. Katika udongo uliolowa hukosa hewa.

Kwa hiyo Mama hupanda okidi zake katika chungu chenye matundu, kilichojazwa vipande vya makumbi ya nazi na mkaa. Kazi ya kumwagilia ni yangu. Kila asubuhi hutazama mizizi: ikiwa ya kijani, naiacha, ikiwa ya kijivu, naimwagilia mpaka maji yatoke chini. Kwetu huwa mara moja hivi kwa juma. Maji yakituama katikati ya majani huyafuta, yasije yakaozesha moyo wa mmea. Chungu hukaa karibu na dirisha la mashariki, kwani jua la adhuhuri huunguza majani.

Maua hudumu miezi 2 au 3, kisha huanguka. Hapo ndipo wengi huutupa mmea wakidhani umekufa. Jirani yetu alikuwa tayari kuutupa wake, lakini Mama akamwonyesha mizizi: ilikuwa migumu na ya kijani. Mizizi iliyokufa ni ya kahawia, nayo hubonyea ukiishika. Akaendelea kuutunza, na baada ya majuma kadhaa ya usiku wa baridi ya kipupwe kikonyo kipya kikachipua. Baridi hiyo ya kiasi ndiyo iuamshayo mmea kutoa maua.

Basi, wenzangu na wazazi wetu, maua yakianguka msifanye haraka. Kwanza ishikeni mizizi. Ikiwa bado migumu, mmea u hai.