Jifunze Kutambua Klova za Mwitu

Mkulima mmoja alileta ofisini kwetu fungu la majani, akifurahi kwamba malisho yake yamejaa klova. Kumbe lilikuwa gugu chachu! Basi msomaji, tujifunze kupambanua.

Kwanza, tazama jani na ua. Mimea yote miwili ina majani madogo matatu juu ya kikonyo kimoja. Lakini jani la gugu lina umbo la moyo, na ladha yake ni chachu. Ua lake lina petali tano. Ua la klova ni kichwa chenye maua madogo mengi, kila moja mfano wa ua la haragwe.

Pili, chimbua mizizi taratibu. Mizizi ya klova ina vinundu, na bakteria waliomo huvuta naitrojeni ya hewa na kurutubisha udongo. Gugu halina.

Tatu, pambanua klova zenyewe. Klova nyeupe ya Kenya hutambaa na kutoa mizizi penye vifundo, na chini ya jani ina vinyweleo. Klova nyeupe ya Ulaya hutambaa vilevile, ila haina vinyweleo. Zenye maua ya zambarau zisizotambaa mara nyingi hufa msimu ukiisha.

Angalia sana: ng'ombe mwenye njaa akila klova nyingi yenye umande aweza kuvimba tumbo akafa. Mpe nyasi kavu kwanza.

Zoezi: Chimbua mimea mitatu malishoni kwako. Mingapi ni klova?