USO ULIOPINDA: SABABU ZAKE NA HUKUMU YA KUUTENGENEZA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Hakuna mwanadamu ambaye upande wa kuume wa uso wake ni sawasawa na wa kushoto. Jicho moja huwa juu kidogo, nyusi moja huwa nzito kuliko nyingine, pua nayo huelekea upande. Kupishana huku kumo katika umbo jema lililotajwa katika Surat at-Tin, wala si ila. Maneno yafuatayo yahusu uso uliopotoka hata kila auonaye akatambua.

Wako wazaliwao na taya au sikio la upande mmoja lisilokua kama la pili. Wako ambao shingo zao zilikazana upande tangu uchanga, uso ukakua kombo. Na wako waliovunjika taya, mfupa ukaunga vibaya. Uvimbe wa shavuni nao huweza kuusukuma uso, na huo haufai kupuuzwa.

Lakini lishtualo watu ni lile lijalo ghafula, ambalo Waarabu huliita lakwa. Mtu hulala mzima, akaamka mdomo umevutwa upande, jicho halifumbi, na maji ya kusukutua yamtoka pembeni mwa kinywa. Nyumbani hunenwa kuwa ni pepo au kijicho, akatafutwa mganga, na siku zikapita. Hali ya kuwa Abu Bakr al-Razi, aliyekufa mwaka 925, aliyaandika maradhi haya katika kitabu chake al-Hawi kama alivyoandika maradhi mengine ya mwili, na Ibn Sina akaandika baada yake. Mwaka 1821 tabibu Charles Bell wa Uingereza akaeleza habari ya mshipa wa fahamu upitao ndani ya mfupa karibu na sikio na kuziendesha nyama za uso. Mshipa huo ukivimba ndani ya njia yake nyembamba hubanwa, na upande mzima ukalegea.

Mgonjwa na aambiwe ainue nyusi zake. Kipaji cha upande ulioanguka kisipokunjika, yaelekea ni lakwa. Kikikunjika na hali mdomo umeanguka, au mkono umelegea, au usemi umevurugika, yaogopwa kuwa ni kiharusi, na apelekwe hospitali saa ile ile. Kipimo hiki si cha kumweka mtu nyumbani: kila uso ulioanguka ghafula hutaka tabibu siku hiyo hiyo. Dawa ya prednisoloni hufaa zaidi ikianzwa kabla ya kupita saa 72. Jicho lisilofumba litiwe dawa ya kulilainisha na lifungwe usiku, lisije likakauka na kupata kidonda. Kumsomea mgonjwa Kurani ni jambo jema, wala hakukumzuia mtu kumeza dawa. Na wengi hupona baada ya majuma au miezi, hata wasiotibiwa. Hapo ndipo mganga apatapo sifa asiyoistahiki.

Asiyerejea sawasawa, na aliyezaliwa hivyo, wana njia. Taya hukatwa na kupangwa upya, mifupa ikiisha kukua. Nyama au mshipa huhamishwa ili kuinua pembe ya mdomo. Sindano ya botulinamu huulegeza upande unaovuta mno, na nguvu yake hukaa miezi 3 au 4. Palipobonyea hujazwa mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, ama dawa nzito ya kujazia. Na dawa hiyo ikiingia katika mshipa wa damu huweza kupofusha jicho, basi si kazi ya saluni.

Yasemwa kuwa huku ni kubadili umbo la Mungu, na hutajwa Hadithi ya Ibn Masud juu ya wanawake wanaochanja miili na kuachanisha meno yao kwa ajili ya uzuri. Imamu Nawawi ameeleza kuwa katazo limefungamana na huko kutafuta uzuri. Ama aliyehitaji kwa matibabu au kwa ila ya jino, hapana ubaya. Na Arfaja bin Asad alikatwa pua vitani siku ya Kulab, akatia pua ya fedha ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atie ya dhahabu, na hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Mwaka 2007 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, lilijuzisha kurekebisha ila ya kuzaliwa nayo na ya ajali, likakataza kubadili umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio. Basi kijana ambaye taya lake limepishana kidogo kama la watu wote, akataka likatwe ili afanane na picha, hana hoja katika habari ya Arfaja.

Limebaki la imamu wa msikiti apatwaye na lakwa. Midomo ikilegea, herufi za ba, mimu na fa huharibika. Sala yake mwenyewe ni sahihi, kwani asoma kadiri awezavyo. Lakini katika madhehebu ya Shafii, awezaye kuisoma Fatiha sawasawa hamfuati asiyeweza kuzitimiza herufi zake. Basi na atangulie mwingine mpaka midomo yake irejee.