Kiasi na Asili: Kuyapima Matumizi ya Serikali

Matumizi ya serikali hupimwa kama asilimia ya pato la taifa. Asilimia hiyo ni sehemu: kiasi chake ni matumizi, asili yake ni pato. Mapato ya wauza mitumba na mafundi wa jua kali wa Gikomba ni magumu kuhesabu. Yakiachwa nje, asili hupungua na serikali huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Mnamo Septemba 2014 Kenya ilikokotoa upya pato lake. Pato la 2013 likaongezeka kwa takriban robo. Tuchukue mfano: shilingi 30 katika 100 ni asilimia 30; katika 125 ni asilimia 24. Hakuna shilingi iliyopunguzwa, wala mtaro uliozibuliwa sokoni. Basi, kabla ya kuihukumu asilimia, tuulize: nani amehesabiwa?