Somo: Kutayarisha hotuba kwa msaada wa maktaba

Wengi wenu mnaofanya kazi katika kamati za amani za Kasongo na Kabambare mmekwisha kuombwa kusema mbele ya watu: siku ya mapatano kati ya vijiji viwili, msibani, au vijana wanapotoka msituni na kurudisha silaha. Mara nyingi hotuba hutayarishwa njiani, juu ya pikipiki. Somo hili linahusu siku mbili au tatu zinazotangulia, na mahali ambapo si watu wengi huenda, yaani kwenye rafu ya vitabu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa kamati amepewa dakika 10 za kusema huko Salamabila kuhusu dhahabu. Sokoni amesikia kwamba sheria mpya inawapa wenyeji mgodi. Akilisema hilo kwenye kipaza sauti, vijana watapiga makofi, na kesho yake wataenda kuudai mgodi huku wakimtaja yeye kuwa ndiye aliyewaambia. Watu wa Namoya, ambako kampuni ya Banro ilisimamisha kazi mwaka 2019 baada ya mashambulizi ya miaka mingi, hawahitaji kuelezwa mambo kama hayo yanavyoishia.

Anza na swali

Kabla ya kwenda maktaba, mama huyu aandike swali moja katika daftari: Sheria inawapa nini hasa watu wanaoishi karibu na mgodi? Liwe swali kamili. Ukimwambia mtunza maktaba kwamba unatafuta kitu juu ya dhahabu, anaweza kukupa kitabu cha kemia, na hatakuwa amekosea.

Maktaba ni ipi? Kasongo kuna vitabu parokiani, vyuoni na katika shule za sekondari. Kabambare huenda ikawa ni kabati moja kwa prefe wa shule, au faili za ofisi ya teritware. Usidharau kabati. Omba kwa adabu, eleza kazi yako, nawa mikono, na ukinukuu andika jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Usipofanya hivyo utarudi safari nzima kwa ajili ya namba moja.

Mama wetu aombe Sheria ya Madini, maandishi yake yenyewe, si maelezo ya mtu juu yake. Hapa kuna mtego. Sheria hiyo ni ya mwaka 2002, lakini ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Nakala iliyoko kabatini yaweza kuwa ile ya zamani. Katika zote mbili atakuta kwamba madini yaliyo ardhini ni mali ya Taifa. Atakuta pia kwamba asilimia 15 ya ushuru wa madini unaolipwa na kampuni yenye kibali ni ya mahali mgodi ulipo: mji au teritware katika ile ya 2002, sekta au sheferi katika ile ya 2018 (kifungu cha 242). Lakini ni katika maandishi ya 2018 tu atakapokuta kwamba kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi.

Sasa ana hotuba nyingine kabisa. Sheria haiwapi wenyeji mgodi. Inawapa haki ya kuuliza pesa fulani zilienda wapi, na wa kuulizwa wanajulikana. Kwa maoni yangu hotuba hii ina nguvu kuliko ile ya sokoni, ingawa makofi yatakuwa machache.

Aliyeandika alikuwepo?

Ugomvi wa mashamba kwetu huanza na swali la nani alifika kwanza, na hapo kila upande hutaja historia. Maniema imeandikwa na wengi. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, lakini Kasongo ilipoangushwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa Aprili 1893 yeye alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar. Sidney Hinde, daktari Mwingereza, alikuwa katika vita hivyo na kuvitungia kitabu, lakini alikuwa upande wa Dhanis. Wasome wote wawili, na kila mmoja umwulize: ulikuwa wapi, na ulikuwa unamtumikia nani?

Livingstone anatufundisha zaidi. Karatasi zilipomwishia alipokuwa Bambarre, yaani Kabambare, na Nyangwe, aliandika juu ya gazeti la zamani kwa wino uliotengenezwa kwa mmea. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Mwaka 2011 wataalamu waliisoma ile daftari ya kwanza kwa picha za mwanga maalumu, wakaona kwamba habari iliyochapishwa haikuwa sawa na aliyoiandika siku zile. Basi hata kitabu maarufu kina mkono uliokipitia.

Wazee wetu nao tuwaulize vivyo hivyo. Andika jina la mzee na siku aliyosema, na mkutanoni sema ni yeye aliyetueleza. Usiseme kwamba historia inasema.

Kuandika yenyewe

Dakika 10 ni kama kurasa nne za daftari. Tarakimu mbili zinatosha. Ya tatu watu huisahau pamoja na zile mbili. Vitabu vingi ni vya Kifaransa, kwa hiyo msomee rafiki ambaye hakusoma shule tafsiri yako, umwombe aieleze tena. Akishindwa, neno ndilo baya, si yeye. Kisha msomee mtu mmoja wa kila upande, mbalimbali, kabla ya siku yenyewe.

Zoezi la kikundi: kila mmoja aandike jambo moja analosikia kila siku juu ya ardhi au dhahabu katika groupement yake. Gawaneni majambo hayo. Baada ya wiki mbili kila mmoja arudi na maandishi aliyoyakuta, pamoja na mwaka na ukurasa, au aseme wazi kwamba hakukuta kitu na kwamba jambo hilo halitatajwa mkutanoni.