Dondoo muhimu: Doa kwenye ngozi, lini uwe na wasiwasi?

Madoa mengi ya mwilini hayana madhara. Lakini Bariadi, Maswa na Meatu mkoani Simiyu, ambako palizi na uvunaji wa pamba hufanyika juani, ngozi inastahili kuangaliwa.

• Kagua mwili mara moja kwa mwezi. Kwa mwenye ngozi nyeusi, saratani hatari ya melanoma hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Usidhani kila weusi wa ukucha ni wa kujigonga.

• Dalili za kutilia maanani: doa linalokua, kubadilika rangi, kuwa na kingo zisizo sawa, kuwasha au kutoa damu.

• Kidonda kisichopona kwa wiki 4, hasa juu ya kovu la zamani la moto, kipimwe.

• Mwenye ualbino yumo hatarini zaidi. Avae kofia pana na mikono mirefu, akwepe jua la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yanayozalishwa Moshi, yametengenezwa kwa ajili yake.

• Usikate wala kuchoma doa nyumbani. Anzia zahanati, ukihitaji uchunguzi zaidi utapewa rufaa Hospitali ya Mkoa wa Simiyu, kisha Hospitali ya Bugando, Mwanza.

• Omba kipande cha ngozi kipimwe maabara. Saratani ya ngozi ikiwahiwa, mara nyingi hutibika.