Ng'oa Nyanya Zako Kabla Hujaambiwa
Mambo ya kufanya na kutofanya masika yakishakatika

Aliyekulia kwenye pamba hapa Kanda ya Ziwa anaijua tarehe 15 Septemba. Ikifika siku hiyo, miti ya pamba iwe imeshang'olewa na kuchomwa, funza wasipate pa kulala hadi msimu ujao. Hilo halina mjadala. Lakini mtu huyo huyo akihamia mjini, akapata kiwanja Buswelu au Nyegezi, akapanda nyanya, chainizi na bamia nyuma ya nyumba, ikifika Juni hutupa jembe nyuma ya choo na kuendelea na shughuli zake. Nyanya zinakauka zikiwa zimesimama. Mnafu unajiotea kwenye uzio. Ukimuuliza anakujibu: "Bustani imeisha."

Haijaisha. Imepata wapangaji wengine.

Nchi za baridi kali, baridi ya kugandisha huua wadudu wengi na kumfungia mkulima hesabu. Mwanza hatuna baridi hiyo. Tuna kiangazi: kuanzia Juni mvua inakatika, vumbi linapanda, usiku unakuwa na kaubaridi, lakini mchana kuna joto la kumlea mdudu yeyote hadi vuli ya Oktoba. Kazi inayofanywa na baridi huko, huku inafanywa na mikono yako, la sivyo haifanyiki.

Naandika kwa ukali kwa sababu nimewahi kukosea. Mwaka mmoja niliondoka Juni kwenda kwenye msiba, nikaziacha nyanya zangu zilivyo, na niliporudi sikuzigusa. Novemba jirani yangu alibisha hodi akiwa na bakuli. Hakukaa. Aliweka bakuli mezani, akachukua nyanya moja nyekundu nzuri, akaipasua kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na kifunza cha kijani na uchafu mweusi. "Baba, huyu mgeni katokea kwako," akasema, akaondoka na kuniachia bakuli. Orodha hii inatoka kwenye bakuli hilo.

YA KUFANYA

1. Ng'oa mche mzima, na mizizi yake. Usikate kwa panga ukaacha kisiki. Ng'oa siku moja au mbili baada ya mvua ya mwisho, udongo ukiwa bado laini. Ukichelewa, shina litakatikia mkononi na mizizi itabaki chini. Kisha itazame mizizi. Ikiwa safi, vizuri. Ikiwa na vifundo kama shanga, hao ni minyoo fundo. Andika kwenye daftari ni tuta gani. Usitegemee kichwa chako. Oktoba kitakuwa kimesahau.

2. Pima mnyauko kwa glasi. Mche ulionyauka ghafla ukiwa bado wa kijani usiutupe kabla ya kuuhoji. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama urefu wa kidole, kisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, usubiri dakika chache. Vikishuka vijiuzi vyeupe kama maziwa kutoka penye jeraha, huo ni mnyauko wa bakteria. Bakteria huyo hukaa udongoni kwa miaka. Hapo nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili na viazi mviringo vimepigwa marufuku kwa misimu kadhaa. Weka mahindi au vitunguu. Jembe lililogusa tuta hilo lisiguse jingine kabla ya kuoshwa.

3. Fungia masalia ya nyanya kwenye nailoni. Mdudu aliyekuwa kwenye bakuli langu wakulima wanamwita kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini, na hapa nchini alionekana 2014. Jike mmoja hutaga mayai hadi 260, na kwenye joto kama letu kizazi kizima huchukua takriban mwezi. Kati ya Juni na Oktoba, hesabu vizazi mwenyewe. Kwa hiyo majani, mashina na nyanya mbovu vitie vyote kwenye mfuko wa nailoni, funga mdomo kwa kamba, uache juani wiki mbili au tatu. Mfuko ukitoboka, tia mwingine. Masalia haya yasiende kwenye shimo la mboji.

4. Ng'oa na yale yaliyojiotea. Nyanya iliyoota kwenye jaa, mnafu wa kando ya bafu, bilinganya kuukuu uliyoihurumia: zote ni nyumba za mdudu yule yule. Kama mnafu unaupenda, nami naupenda, panda upya vuli ikianza.

5. Lipike kwa joto tuta lililougua. Jua la kiangazi ni la bure. Lainisha udongo, umwagilie hadi ulowe, funika kwa nailoni angavu inayopitisha mwanga, halafu fukia kingo zote kwa udongo. Acha wiki nne hadi sita. Nailoni nyeusi haifanyi kazi hii sawasawa. Inapata moto yenyewe na kuunyima udongo mwanga. Ukisikia mtoto anataka kuikata atengeneze tiara, mkataze.

6. Funika udongo uliobaki. Bustani nyingi za Mwanza ziko mlimani, katikati ya majabali, kwenye luseni: mchanga uliotokana na mawe hayo hayo. Luseni ikiachwa uchi miezi minne, upepo unachukua kilicho laini, na mvua ya kwanza ya vuli inamalizia, inashusha mbolea yako hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi Mto Mirongo, hadi ziwani. Tandaza nyasi zisizo na mbegu, majani ya migomba, au pumba za mpunga kutoka kwenye mashine za kukoboa. Pumba zinyunyizie maji kidogo zisipeperuke. Kingo za mawe zilizobomoka zijenge sasa, mikono ikiwa na nafasi. Na mwakani, kabla masika hayajakatika, panda marejea kwenye tuta lenye minyoo fundo: inafunika udongo, inaurutubisha, na minyoo hao haiwafai.

7. Lundika samadi. Samadi mbichi ukiimwaga Juni juani, nguvu yake nyingi inaondoka na upepo. Ilundike kivulini pamoja na majani mazima yasiyo na ugonjwa, lowesha, funika, geuza kila baada ya wiki mbili. Chomeka kijiti katikati; ukikichomoa kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji.

8. Vuna mbegu zinazostahili. Mchicha, mgagani, bamia, kunde, maboga: chagua mche bora mapema, ufunge kitambaa chekundu, na mtu asiuchume. Watu wengi hula mche bora na kuacha mbegu kwa ule uliodumaa, halafu wanashangaa mchicha wao kila mwaka unapungua kimo. Kausha kivulini, weka kwenye chupa kavu. Kunde changanya na majivu, wadudu wasizitoboe. Andika jina na mwaka.

9. Kausha mboga kabla hazijaisha. Bibi zetu wa Usukuma hawakungoja kiangazi kiwakute na sufuria tupu. Viazi walivigeuza michembe na matobolwa, na majani ya kunde wakayakausha. Chovya majani kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, chuja, yaanike juu ya chanja kivulini penye upepo. Jiwe la kuanikia michembe si la majani: jua kali linaunguza rangi, na pamoja na rangi linaondoka lile lililo jema kwa macho ya mtoto.

10. Bakiza matuta mawili, basi. Moja la sukuma wiki, moja la matembele, karibu na jiko, ambako maji ya kuoshea mchele na mboga yanafika bila kubebwa. Mengine yapumzike.

YA KUTOFANYA

1. Usisubiri nyanya ya mwisho. "Kuna tatu bado zinaiva." Hizo tatu ndizo zinazomlisha kantangaze wa Oktoba. Zichume kijani, zifungie kwenye gazeti, ziivie kabatini.

2. Usilifuate ziwa. Baada ya masika maji hurudi nyuma kidogo, yakaacha ukanda wa udongo mweusi wenye unyevu, na kila mwenye jembe anaona amepewa shamba. Hujapewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na hata sheria ungeikwepa, ziwa hulikwepi: Mei 2020 lilipanda kuliko kipimo cha 1964 kilichokuwa kikisimuliwa na wazee, na 2024 likapanda tena zaidi. Waliopanda mwaloni walivuna magugu maji.

3. Usisimame majini kuchota. Kiangazi ndicho kinachowashusha watu ziwani na ndoo. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi isiyo na hata mkwaruzo. Mtoto asitumwe. Kama huna budi kutumia maji ya ziwa, chota ukiwa nchi kavu au juu ya jiwe, acha ndoo ikae siku mbili ndipo uimwage bustanini. Mkojo ukiwa na damu, au tumbo likisumbua kwa muda, nenda zahanati ukapimwe. Usiende kwa muuza mizizi.

4. Usioshe bomba la dawa ziwani wala mtoni. Hata "kidogo tu". Maji ya ziwa hilo ndiyo yanayovutwa Capri Point na kurudi kwenye bomba lako la jikoni, na sato unayemsifia anaishi humo humo. Suuza mara tatu, maji ya suuza yanyunyizie kwenye tuta lililopuliziwa, mbali na kisima.

5. Usihifadhi dawa iliyobaki kwenye chupa ya soda. Sina maelezo ya kuongeza. Ibaki kwenye chombo chake, na lebo yake, juu, penye kufuli.

6. Usipulizie dawa ya kuagia. Kuna watu hupulizia bustani iliyokwisha kufa "ili kusafisha". Unamsafisha nani? Kantangaze aliye udongoni humfikii, ila buibui na manyigu waliokuwa wakikusaidia unawamaliza wote. Ng'oa.

7. Usichome kila kitu. Moto ni wa vilivyougua na visivyoingia kwenye mfuko. Mabua ya mahindi, majani ya kunde, magugu yasiyo na mbegu: hivyo ni chakula cha udongo. Unavichoma Juni, halafu Oktoba unatafuta hela ya mbolea.

8. Usifungulie mbuzi. Mbuzi hachagui tuta lenye dawa na lisilo nayo, na maziwa yake unakunywa wewe. Isitoshe anaubana udongo kwa kwato na kula matandazo yako. Uzio uzibe pia kwa ajili ya pimbi. Wakaao karibu na majabali wananielewa.

9. Usitunze mbegu ya nyanya chotara. Ilikupa matunda mazuri, nakubali. Watoto wake hawatafanana naye: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja hazai. Nane Nane ikifika, nenda viwanja vya Nyamhongolo ununue pakiti mpya. Angalia tarehe na lebo ya TOSCI, wanaothibitisha ubora wa mbegu. Usinunue mbegu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti, hata kama muuzaji ni shemeji.

10. Usirudie nyanya pale pale. Palipokuwa na nyanya, vuli ije kunde au mchicha. "Lakini hapo ndipo zinapostawi." Zilistawi. Wadudu na magonjwa yake nayo yamestawi hapo hapo.

11. Usijidanganye kwamba uzio ni mpaka. Uzio unamzuia mbuzi na mwizi wa chainizi. Nondo wa kantangaze, mdogo kuliko punje ya mpunga, anaupita usiku bila hodi. Pamba ina tarehe yake kwa sababu walioiweka walijua shamba moja chafu linaharibu kijiji kizima. Nyanya zako hazina tarehe hiyo, wala bwana shamba hatakuja kugonga geti lako Buswelu. Jiwekee yako. Mimi nimechagua tarehe 15 Juni, na nimemwambia jirani aje akague.

Huja kweli, hupita tuta kwa tuta mikono nyuma. Na bakuli lake sijalirudisha. Linakaa dirishani, mahali ninapoliona nikifungua mlango wa uani.